Raha Ndogo za Mzazi Aliyekwama Nyumbani: Mwongozo wa Majira ya Mvua Nairobi

Jumatatu ya Aprili 29, 2024, jozi mbili za viatu vya shule zilikuwa zimepangwa mlangoni, zimepigwa rangi. Sare zilikuwa zimepigwa pasi, nauli ya matatu ninayo mfukoni. Kabla hatujatoka habari ikatufikia: mafuriko yamezidi, shule hazifunguliwi, likizo imeongezwa wiki moja. Kabla wiki hiyo haijaisha, zikaahirishwa tena bila kutajiwa tarehe. Zilikuja kufunguliwa Mei 13. Kitinda mimba wangu alipiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye stuli ya cherehani nikautazama mkebe wa sukari, nikijiuliza utafika lini.

Niweke jambo moja wazi kwanza. Sisi tunaishi ghorofa ya tatu, mtaa wa Umoja. Hasara yetu ilikuwa kibanda changu cha ushonaji kuingia maji na mteja mmoja kuninunia. Waliokuwa kando ya mto Mathare na kule Mukuru walipoteza nyumba, na wengine walipoteza watu wao. Mei 10 nchi nzima ilipumzika kuwaomboleza na kupanda miti. Kwa hiyo ninaposema nimekwama, nasema kama mtu mwenye paa. Lakini hata mwenye paa, akifungiwa wiki mbili na watoto wawili, cherehani moja, na mke muuguzi anayeondoka kabla ya jogoo, hufika siku akajikuta anaufokea mlango.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi na watoto wengi wasirudi darasani hadi Januari 2021, nilikosea. Nilisubiri raha yangu ibaki, kama mtu anayengoja nyama ibaki kwenye sufuria ya wageni. Haikubaki. Safari hii niliipanga kama ninavyopanga unga na gesi, na hadi leo nafanya vivyo hivyo kila tunapofungiwa ndani: masika ya Machi hadi Mei, baridi ya Julai, na ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka.

Hatua ya kwanza: andika unachokipenda kwa kweli

Chukua karatasi watoto wakiwa wamelala. Andika vitu kumi vinavyokufurahisha ambavyo kila kimoja hakizidi shilingi 50 na hakihitaji kutoka nje ya lango la ploti. Usiandike unavyodhani mzazi mwema angevipenda. Nilipoanza niliandika "mazoezi ya viungo" na "kusoma vitabu vya maarifa". Nikafuta. Orodha ya kweli ilikuwa hii: ukoko wa ugali nikiukwangua mwenyewe kwa kijiko, chai ya tangawizi bila mtu kuniuliza swali, harufu ya mafuta ya cherehani, Taifa Leo hata kama ni la juzi, kuoga maji moto bila mlango kugongwa, mvua kwenye mabati ya jirani, mahamri, jua la saa saba likipita kwenye roshani, na kumwona mke wangu akivua viatu. Cha kumi sikukipata usiku ule.

Sasa igawe orodha mara mbili: raha za peke yako na raha za kugawana. Hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Ukigawana kila kitu, jioni unakuwa umechoka na hujui umechoshwa na nini. Ukificha kila kitu, watoto wanakunusa kama paka anavyonusa dagaa. Mimi nilichagua moja ya peke yangu kwa siku, na moja ya kugawana kwa wiki. Ukipata zaidi ya hapo, hiyo ni nyongeza.

Hatua ya pili: chai ya saa kumi na moja alfajiri

Hii ndiyo nguzo, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Kazi huanza usiku. Kabla ya kulala, weka sufuria ndogo juu ya meko tayari na maji kikombe kimoja. Ponda tangawizi ya ukubwa wa nusu ya kidole gumba, uifunike kwenye kisahani. Weka kikombe, majani, sukari na kijiko mahali pamoja, kwa sababu droo ya vijiko ndiyo kengele ya nyumba: ukiivuta tu, mtoto wa miaka sita yuko nyuma yako anauliza kama kumekucha. Kama mlango wa jikoni unalia, tia matone mawili ya mafuta kwenye bawaba. Mimi nilitumia ya cherehani, na tangu siku hiyo mlango umenyamaza.

Alfajiri, ukishamsindikiza mwenzako hadi ngazini, washa meko. Tangawizi iingie kwenye maji kwanza, ichemke dakika tano, ndipo maziwa yafuate, kikombe kimoja. Ukiitia tangawizi mbichi kwenye maziwa, maziwa hukatika, unabaki na vipande vinavyoelea na asubuhi imeharibika. Yakianza kupanda, punguza moto, tia majani kijiko kimoja, uache yapande na kushuka mara tatu. Usiwe na haraka. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe yetu huchukua muda kuliko ya Mombasa, na ndiyo maana chai ya kumwagiwa tu maji moto kikombeni hutoka kama maji ya kuoshea kikombe. Ichemshe. Haijatoka mbali, isitoshe: Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, ni mwendo wa matatu tu kutoka mjini.

Ukishaichuja, toka. Jikoni si mahali pa kuinywea, kwa sababu jikoni macho yataona sahani chafu na mikono itafuata. Nenda roshani, au ngazini, au dirishani, uipe nyumba mgongo. Jifunike shuka. Jua Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa vile tuko jirani na ikweta, kwa hiyo una zaidi ya saa nzima ya giza ambayo haina mwenyewe. Kabla ya mapambazuko wale ndege, kwarara, watapita wakipiga kelele zao kama wamama wanaogombana kituoni. Baadaye mwewe mmoja hutua kwenye tangi la maji la jengo la pili, akajikuna. Sifanyi lolote. Nakunywa.

Halafu kuna sheria ya leso. Chukua leso moja inayojulikana, uiangike kwenye kitasa cha mlango wa roshani. Waambie watoto mchana, si wakati huo: leso ikiwa mlangoni, baba hayuko. Kuna damu? Gongeni. Kuna moto? Gongeni. Soksi imepotea? Baba hayuko. Weka saa ya ukutani wanayoweza kuisoma, uwaonyeshe mshale mrefu ukifika wapi baba anarudi.

Siku ya tatu nilisikia sauti ndogo upande wa pili wa mlango.

"Baba."

Nikanyamaza.

"Baba, hauko mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mshale ufike juu."

"Haya. Nitakungoja hapa."

Akangoja kweli, nikimsikia anapumua kwenye tundu la ufunguo. Sheria haikuvunjika lakini chai ilipoa. Dawa yake niliipata wiki iliyofuata, nitaisema mwishoni.

Hatua ya tatu: mahamri ya Jumamosi

Hii ni ya kugawana, na lazima iwe na unga mpaka kwenye nyusi. Nimeona wazazi wakiwafukuza watoto jikoni ili kazi iende haraka. Haraka ya nini, na hakuna anayekwenda popote?

Unga wa ngano vikombe vinne, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki kama punje kumi zilizotwangwa, chumvi ya kuonja. Tui zito vuguvugu, kikombe kimoja na robo, ulitie kidogo kidogo. Vuguvugu maana yake utumbukize kidole na usihisi kitu chochote, wala joto wala baridi. Mara ya kwanza nilitia tui linalotoa moshi, nikaiua hamira, tukapata mahamri yanayoweza kuzibia pancha.

Mkubwa akande dakika kumi nzima kwa saa. Akisema amechoka, mdogo apokee. Donge liko tayari likiacha kung'ang'ania vidole na ukilibonyeza linajirudisha. Sasa kulifunika: vitabu vitakwambia saa moja, lakini hivyo vitabu havijakaa Nairobi mwezi wa Julai. Usiku hapa joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 na chini yake, na hamira hupenda joto kama mwanadamu. Liweke kwenye sufuria yenye mfuniko, livingirishe blanketi, uliache saa mbili. Kitinda mimba huliita mgonjwa. Huenda kulipima homa.

Likishafura mara mbili, ligawe madonge manne, usukume kila moja duara lenye unene usiofika nusu ya upana wa kidole, ukate vipande vinne kama msalaba. Viache vipumzike dakika 20 juu ya kitambaa chenye unga. Usiruke hapo; kipande kisichopumzika hakifuri. Mafuta yakipata moto, tia kipande kimoja cha kujaribia: kikizama na kuibuka mara moja, endelea. Sasa siri yenyewe, ambayo marehemu nyanya alinionyesha bila kusema neno: kwa upawa, mwagia mafuta ya moto juu ya hamri likiwa bado jeupe, mfululizo, mpaka tumbo lijae. Geuza mara moja tu. Sehemu hii ni ya mtu mzima peke yake, watoto wasimame mlangoni wahesabu.

Mahamri hunukia ploti nzima. Mara ya pili nilipokaanga, Mama Zawadi wa mlango wa pili alibisha hodi amejifunga leso.

"Baba Amani, hiyo iliki yako imenitoa kitandani."

"Karibu mama, chukua mawili."

"Mawili ni ya nani, na mimi nina watoto wanne?"

Tulimpa sahani. Jioni sahani ilirudi na mbaazi za nazi, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Jumamosi iliyofuata hatukupika mbaazi kabisa, tulizingoja.

Hatua ya nne: stima zikipotea

Na zitapotea, mvua ikinyesha. Weka mshumaa, kiberiti na redio ndogo ya betri kwenye boksi moja, mahali ambapo hata gizani mkono utafika. Redio ni muhimu kuliko tochi. Bila runinga watu wazima hukosa taarifa ya habari ya saa moja usiku na kuanza kuzungukazunguka kama kuku kabla ya kutaga. Radio Taifa hututuliza.

Halafu vitendawili. Mtu mmoja atege, wengine watege masikio. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia miibani: nanasi. Ukishindwa unatoa mji, na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu mtoto wa miaka kumi aliyepewa Kisumu hukaa nayo akiitawala mpaka alale. Mimi nimeshapoteza Nakuru mara mbili.

Onyo moja, na hili si la kupitiwa. Baridi ikizidi usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Vaa soksi mbili, jifunikeni blanketi moja.

Hatua ya tano: shamba la dirishani

Nunua vitunguu vya majani kwa mama mboga, vile vyenye mizizi bado. Kata majani uyapike, ubakize shina la urefu wa kidole pamoja na mizizi yake. Yasimamishe mashina hayo kwenye glasi yenye maji yanayofunika mizizi tu, dirisha la jikoni. Badilisha maji kila siku mbili la sivyo yatanuka. Kufikia kesho yake utaona ncha ya kijani imechomoza katikati ya shina. Mpe mtoto rula. Kwetu walikuwa wakipima kila asubuhi na kuandika ukutani kwa penseli, jambo ambalo mwenye nyumba bado hajaliona.

Ukitaka la muda mrefu, panda dania. Zile punje nzima za dukani, za kiungo, mara nyingi huota. Zisugue taratibu kwa chupa zipasuke mara mbili, ziloweke usiku mmoja, uzifukie kina cha sentimita moja kwenye debe lililotobolewa chini. Huchukua wiki moja hadi mbili kuchomoza, na siku za kungoja ni nyingi kiasi kwamba mtoto husahau. Usimkumbushe. Siku atakayoliona jani mwenyewe, atakuja mbio, na hiyo pia ni yako.

Hatua ya sita: zilizobaki

Ukoko wa ugali: acha sufuria juu ya moto mdogo dakika tatu baada ya kupakua, uondoke, ukirudi unajibandua wenyewe. Jua la saa saba mwezi wa Julai: beba stuli uende nalo linavyosogea. Mchezo wa drafti kwa vifuniko vya soda. Usimwachie mtoto ashinde, atajua.

Simu sijaiweka kwenye orodha na sitaiweka. Bando huisha, na kikundi cha wazazi cha WhatsApp usiku wa manane hakijawahi kumfurahisha mtu. Mwenye kubisha abishe.

Hatua ya saba: raha ya mwenzako

Hapa palikuwa na ile nafasi ya kumi. Mke wangu hurudi jioni miguu imevimba kwa zamu. Kwa siku nyingi nilikuwa nampokea na taarifa: huyu amemwaga hiki, yule amekataa kile, gesi inakaribia kuisha. Siku moja nilimwekea karai la maji ya moto na chumvi kiganja kimoja mbele ya kiti karibu na mlango, nikawachukua watoto chumbani. Dakika ishirini, hakuna swali. Nilipochungulia alikuwa amefumba macho, sare bado mwilini, vidole vya miguu vikichezacheza majini kama vya mtoto.

Ukitaka kuifuata: maji yawe ya moto kuliko unavyodhani, kwa sababu hadi anafungua lango na kupanda ngazi yatakuwa yamepoa. Taulo liwe karibu na mkono wake. Na habari ya gesi isubiri chakula.

Niliirudia orodha yangu usiku ule, nikaandika kwenye namba kumi: *kuchungulia*.

Hatua ya nane: leso ya pili

Ile dawa niliyoahidi. Nilichukua leso kuukuu, nikaikata mara mbili, nikaipiga pindo kwenye cherehani, nikampa kila mtoto yake. Nikawaambia: na nyinyi mnaweza kutokuwako. Mkubwa aliitumia siku moja akaisahau. Mdogo aliifunga kwenye mguu wa meza, akaingia chini na kikombe cha uji.

Nilihitaji mkasi wangu uliokuwa huko chini. Nikainama.

"Baba," akasema bila kugeuka, "leso."

"Mpaka saa ngapi?"

Akaitazama saa ya ukutani kwa muda mrefu, midomo ikihesabu.

"Mpaka mshale ufike juu," akasema, na mshale ulikuwa ndio kwanza umetoka huko. Nikakata uzi kwa meno.